Kochi la Watu Watatu

Mume wangu ni fundi wa makochi na mimi ndiye ninayeshona vitambaa vyake, kwa hiyo ukikalia kochi lililotoka kwetu, umeikalia ndoa yangu. Yeye anakata mbao, anafunga springi na kubandika sponji. Mimi ninapima, ninakata, ninashona, halafu tunagombana kama kitambaa kimevutwa sana au kimelegea, halafu kochi linauzwa. Tumeishi hivyo tangu tuoane, na kazi yetu ni nzuri. Kuna watu wanasema ninajisifu. Ninajisifu, ndiyo. Nikingoja wao wanisifu nitazeeka nikingoja.

Fundi, maana hata mimi mkewe ndivyo ninavyomwita, ana desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Hauzi kochi ambalo halijakaliwa. Likishakamilika linaingizwa sebuleni kwetu, tunalikalia wiki nzima, tunakula juu yake kwa uangalifu, na mchana yeye analala juu yake. Likitoa mlio mahali, analifungua. Likimuuma mbavu, analifungua. Likinyamaza na likimlaza vizuri, mwenyewe anaitwa aje achukue. Wateja hawapendi kusikia kwamba kochi lao jipya limeshalaliwa na mtu, kwa hiyo hatuwaambii.

Na akilala, amelala. Nyumba yetu ni ya nyundo na cherehani kutwa nzima, na kimya kinapatikana nusu saa tu baada ya chakula cha mchana, Fundi anapojinyoosha. Kimya hicho tunakiheshimu. Binti yetu ndiye aliyetunga sheria akiwa bado hajaanza shule: atakayemwamsha baba ataosha vyombo vyote. Tangu hapo, baba akifumba macho, nyumba nzima inanong'ona, hata mgeni akija.

Binti huyo tunamwita Jaji. Alipata jina hilo akiwa mdogo kwa sababu kila akitusikia tunagombana juu ya kitambaa alikuja akasimama katikati yetu, mikono kiunoni, akauliza, "Nani alianza?" Mara nyingi nilikuwa mimi. Hatukujaliwa mwingine, na kwa kweli huyu mmoja anatutosha kwa maneno.

Makochi mengi yaliyopita sebuleni kwetu yalikuwa ya watu. Moja tu ndilo lilikuwa letu, kochi la watu watatu, la rangi ya kahawia, ambalo Fundi aliniundia nikiwa na mimba ya Jaji. Aliliundia mle mle sebuleni ili nisibughudhiwe na vumbi la nje, nikakaa mlangoni nikimwangalia, na kwa furaha ya kuitwa baba akasahau kupima mlango. Fundi mzima! Lilipokamilika halikuweza kutoka hata kama tungetaka. Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini, akasema kaka yake amejenga gereza la kochi.

Basi likakaa, na kila mtu akawa na mahali pake. Fundi alikaa upande wa kushoto, na baada ya miaka upande huo ukabonyea ukafanya shimo la umbo lake. Mimi nilikaa upande wa dirisha, kwenye mwanga, nikishona kwa mkono. Katikati palikuwa pa Jaji, lakini Jaji hakukaa katikati hata siku moja. Alikaa juu ya mkono wa kochi, upande wa kichwa cha baba yake, kitabu mapajani. Nilimkataza, nikamfokea, nikachoka. Pale mahali pakachakaa, nikapashonea kiraka kwa kipande cha kitambaa kile kile. Asiyejua hakioni.

Alianza shule ya serikali iliyo jirani, na sina neno baya juu ya walimu wake, walikuwa na moyo. Ila watoto walikuwa wengi kuliko madawati. Siku moja Fundi alimpelekea kalamu aliyoisahau, akamkuta ameketi sakafuni, daftari juu ya goti. Alirudi nyumbani. Akashika nyundo, akapiga msumari mmoja, akaiweka nyundo chini.

"Mimi ninawakalisha watu wa mji mzima," akasema. "Mwanangu anakaa chini."

Tulifunga mkanda, tukampeleka shule ya kulipia, ile yenye geti la kijani na kengele ya umeme. Sitajifanya kwamba uwezo tulikuwa nao. Tulikuwa na mikono yetu. Na mtoto hakutuangusha. Ripoti zake nilizisoma mbele ya wateja kwa sauti, wakitaka wasitake, huku nikiwapima kitambaa.

Ada ndiyo ilikuwa haitulii. Mwaka mmoja iliongezwa kwa ajili ya basi la shule, ambalo Jaji hapandi. Mwaka uliofuata ikawa ni kompyuta. Kila ilipopanda tulijibana mahali. Tuliacha nyama ya katikati ya wiki, nikaacha kubadilisha miwani, Fundi akauza baiskeli. Wifi yangu, ambaye utani wake hauna likizo, aliniuliza, "Hivi wifi, mnasomesha mtoto au mnajenga shule?" Nikamwambia tunafanya yote mawili na bado kikombe chake cha chai tunakimudu.

Mwaka huu Jaji ameingia darasa la mwisho, la mtihani. Ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu, tena hawakutaja hata sababu. Ada imepanda kwa theluthi nzima, na ambaye hatakuwa amemaliza kulipa kufikia wiki ya pili, mtoto wake abaki nyumbani. Niliusoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Nikampa Fundi simu. Akausoma, akaisogeza simu mbali na macho, akausoma tena, kana kwamba ikikaa mbali bei itapungua.

Na kazi zilikuwa zimepoa. Watu walikuwa wananunua makochi ya plastiki yanayong'aa madukani, na kwa miezi kadhaa hapakuwa na kochi la mtu sebuleni kwetu. Kazi pekee iliyokuwepo ilikuwa kuvika upya viti vya ukumbi wa mikutano, viti vingi kweli, lakini malipo yake ni mwisho wa mwezi. Wiki ya pili haikuwa na habari na mwisho wa mwezi.

Aliyesema ni mimi. "Kochi," nikasema. Sikusema lipi.

Mwenye duka la samani la barabara kuu alikuja na lori. Lile kochi alikuwa akilitamani siku nyingi, kwa sababu mbao za namna ile hazipatikani tena. Fundi aling'oa mlango na fremu yake, akachonga na ukuta kidogo, majirani wakatoka kuangalia. Alitaka kwanza alifungue kochi ajaze sponji mpya upande wa kushoto uliobonyea, maana hajawahi kutoa kazi yenye kasoro. Mwenye duka akasema hana muda, lori linasubiri. Nikamwona Fundi ameshika mkono wa kochi mpaka lori lilipoanza kuondoka, halafu akaurudisha mkono wake mfukoni.

Jaji alirudi kutoka shule akakuta sebule tupu na mlango umeegemezwa ukutani. Akauangalia mlango, akaniangalia mimi, akamwangalia baba yake. Mtoto huyu sijawahi kumwona amekosa swali. Akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, pale pale ulipokuwa mkono wa kochi, akafungua kitabu. Mimi nikaenda jikoni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Pesa ile tuliipeleka shuleni siku hiyo hiyo, na bado haikutosha. Ilibaki kama robo ya ada. Njia ilikuwa moja tu, kumwendea Mkurugenzi, mwenye shule, kumwomba muda. Kwa mtu mwingine ni jambo dogo. Kwa Fundi ni kama kumwambia atembee barabarani bila shati. Yeye ndiye huombwa muda. Hajawahi kuomba.

Kwa hiyo akatunga hotuba. Vile viti vya ukumbi alikuwa amevipanga uani safu kwa safu, na wiki nzima, akiamka alfajiri kuviwahi, alivihutubia. Anapiga stepla mbili, anasimama, anasema, "Mkurugenzi, mimi ni fundi." Anapiga tena mbili. "Kwangu mimi kochi halijawahi kutoka na miguu mitatu." Mimi nikiwa dirishani na cherehani yangu nilimwambia hiyo ya miguu mitatu aitoe, mwenye shule anataka pesa, hataki hadithi za miguu. Akaniambia nishone. Jaji alikuwa akipita na ndoo ya maji na kuyamalizia maneno ya baba yake kabla hajayasema, kwa kuwa ameshayakariri yote.

"Na wewe," Fundi akaniambia asubuhi ya kwenda, akifunga vifungo vya shati lake la kuendea arusi za watu, "leo usiseme kitu. Nakujua."

Nikamwahidi. Ana haki. Hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kuitwa.

Karani wa shule alitupokea vizuri. Akatuambia Mkurugenzi yuko na walimu, hatakawia, akatufungulia ofisi yake tumsubiri humo. Nikatangulia. Hatua mbili ndani nikasimama ghafla, Fundi akanigonga kwa nyuma.

Chini ya dirisha, likitazama meza ya Mkurugenzi, lilikuwa limewekwa kochi letu. Walikuwa wamelitandikia vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni. Hata hivyo lilikuwa lenyewe.

"Ndilo?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaujua mshono wangu tangu mlangoni.

Fundi alipiga goti, akapitisha mkono chini ya fremu, akapapasa, akasimama akijifuta vumbi.

"Ndilo," akasema.

Hapakuwa na kiti kingine cha wageni. Nikakaa upande wangu, wa dirisha. Fundi akakaa ukingoni kama mtu aliyekuja kuposa, viganja juu ya magoti, midomo ikitembeza ile hotuba.

"Usiegemee," nikamwambia.

"Siegemei."

Tukangoja. Mkurugenzi hakuja. Jua lilikuwa linaingia dirishani na feni ilikuwa inazunguka taratibu. Nikamwona Fundi amesogea kidogo kushoto. Baadaye kidogo amesogea tena. Naapa hakujua anachofanya, mwili wenyewe ulikuwa unatafuta shimo lake. Ulipolipata, mgongo ukarudi nyuma, kichwa kikalala kwenye mkono wa kochi, na mume wangu aliyeamka alfajiri wiki nzima akaanza kukoroma ndani ya ofisi ya mtu tuliyekuja kumwomba.

Nikamfinya. Akageuka upande kama anavyofanya nyumbani na kupandisha miguu. Viatu alikuwa ameshavivua. Sijui alivivua lini. Vilikuwa vimepangwa chini kwa adabu, soksi moja ikiwa na tundu la kidole gumba. Nikamfinya kwa kucha. Akatoa mguno wa raha.

Kitasa kikazunguka. Niliomba ardhi ipasuke.

Aliyeingia mbele ni Jaji, katika sare yake. Mkurugenzi alikuwa nyuma yake, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo na viatu vya kisigino. Alikuwa amempitia darasani amlete asikie mazungumzo. "Karibuni sana, poleni kwa ku..." Mkurugenzi alianza kwa sauti yake kubwa ya uwanjani.

Jaji aliliona kochi. Akamwona baba yake juu ya kochi. Hakushtuka, hakuona haya, hakunitazama hata mimi. Aligeuka akamtazama mwenye shule, akaweka kidole mdomoni.

"Baba amelala," akanong'ona.

Akavua viatu, akavuka chumba kwa soksi, akapanda akakaa juu ya mkono wa kochi, kwenye kiraka chake, kando ya kichwa cha baba yake. Haukuwa ujasiri, nilimjua. Ilikuwa mazoea ya nyumbani tu. Lakini mle ofisini, mbele ya mtu yule, nilijihisi kifua kimejaa. Mtoto wangu hakuwa na aibu nasi hata chembe.

Mkurugenzi alibaki mlangoni mdomo wazi. Nikasubiri kufukuzwa. Akaviangalia viatu vyake vya kisigino, akaiangalia sakafu ya vigae, kisha akatembea kwa ncha za vidole mpaka kwenye meza yake, akavuta kiti kidogo kidogo kisilie.

"Mama," akaninong'oneza, "ujumbe wangu si mliupata?"

"Tuliupata," nikanong'ona. Ahadi ya kunyamaza ilikuwa imeshakufa, niliyempa ahadi alikuwa anakoroma. "Tumeleta sehemu kubwa. Tunaomba muda kwa iliyobaki."

"Mama yangu, hata mimi nimebanwa. Mwenye kiwanja amenipandishia kodi. Walimu wangu wawili wameondoka, waliobaki wanataka nyongeza. Nikiwapa nyinyi muda leo, kesho nina foleni mpaka getini."

Nimegombana na watu wa kila aina maishani mwangu, lakini sikuwahi kugombana kwa kunong'ona, na ninakuambia haiwezekani. Hasira inahitaji hewa. Kila nilipotaka kupandisha, Jaji alinitazama kwa jicho la vyombo vya kuosha, nikashuka. Nikajikuta ninamsikiliza yule mama. Naye nilimwona kila anapotaka kukataa, "hapana" yake inafika midomoni imelegea.

"Kuna njia moja," akanong'ona. "Nina wafadhili wa nje. Huyu ni mtoto mwenye akili, watampenda. Wanachotaka ni picha ya familia nyumbani, ya kubandika kwenye kalenda yao. Mkiwa mmekaa chini hivi, kawaida, msivae vizuri."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaishusha.

"Kukaa chini tunakaa kweli," nikasema, "kwa sababu kochi letu liko hapa."

"Kochi gani?"

"Hilo alilolalia."

Alilitazama, akanitazama. "Hili? Mwenye duka aliniambia limetoka ng'ambo."

"Ng'ambo ya soko. Ukipita mashine ya kusaga, nyumba yenye mlango uliopachikwa upya."

Jaji aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alipojiweza, akainuka kidogo akamwonyesha mahali alipokalia. "Hapa nilipachakaza mimi, Mwalimu. Mama akapashonea kiraka. Pitisha kidole utakisikia."

Na yule mama, mwenye shule nzima, akaja kwa ncha za vidole, akainama juu ya mume wangu aliyelala, akapitisha kidole.

"Mliliuza kwa nini?" akauliza.

"Si uliandika kwenye simu? Wewe ulimpa pesa mwenye duka, mwenye duka akatupa sisi akishakata yake, sisi tukakuletea wewe siku ile ile. Pesa zako zimekurudia, na kochi ukabaki nalo."

Hakucheka. Alirudi kwenye meza yake na kuvua miwani.

"Mimi hulala hapo mchana," akanong'ona. "Hapo hapo alipo yeye. Nafunga mlango kwa ufunguo, namwambia karani niko kwenye simu. Sijawahi kulala vizuri hivyo tangu nifungue hii shule."

"Ni yeye huyo aliyekulainishia," nikasema. "Miaka yote ya mtoto huyu."

Fundi alikuwa anapumua taratibu. Nikaona sasa ndipo pa kusema, nikasema bila kupamba.

"Mkurugenzi, hao wafadhili wape watoto wasio na mtu. Wapo, nawe unawajua. Huyu ana fundi na ana mshonaji. Hatutaki kupunguziwa, ada yako tutalipa yote kama ulivyoiandika, ingawa naiona ni kubwa na ninakuambia usoni ni kubwa. Kuna viti vya ukumbi vinalipwa mwisho wa mwezi. Utapata kila mwisho wa mwezi mpaka iishe. Ila mtoto asitolewe darasani."

Mkurugenzi akamgeukia Jaji. "Na wewe? Ile picha ingemaliza yote leo."

Jaji alifikiri, kama anavyofikiri kabla ya kutoa hukumu.

"Chini ninakaa nyumbani, Mwalimu, kwa sababu ni kwetu," akanong'ona. "Kwenye picha sikai. Baba hapendi."

Nilitaka kusimama nipige vigelegele. Nikauma mdomo.

Mkurugenzi akachukua kalamu. "Kila mwisho wa mwezi," akanong'ona. "Abaki darasani. Na tafadhali, getini msimwambie mtu."

Ndipo Fundi akaamka.

Hakukurupuka. Alifumbua macho, akaiona dari isiyo ya kwake, akamwona binti yake juu ya kichwa chake, akamwona Mkurugenzi. Akashusha miguu, akavaa viatu, akafunga kamba polepole bila kumtazama mtu. Akasimama, akanyoosha shati. Upande mmoja wa shavu lake ulikuwa na alama ya mshono wa mkono wa kochi, mstari mrefu mwekundu kutoka sikioni mpaka kidevuni.

"Mkurugenzi," akasema, kwa sauti kamili, "mimi ni fundi."

Nikafungua mdomo nimwambie kaa, Fundi, yameisha. Jaji akanitazama. Nikaufunga. Mkurugenzi naye alikuwa ameshaanza kuandika. Akamwona mume wangu alivyosimama, akaiweka kalamu mezani, akainuka kutoka kwenye kiti chake, akamsikiliza akiwa amesimama.

"Mimi ni fundi, na huyu mke wangu ni fundi. Hatujawahi kuchukua kazi ya mtu tukamrudishia nusu. Kwangu mimi kochi halijawahi kutoka na miguu mitatu. Mteja aje asije, alipe asilipe, litatoka na minne. Sasa huyu mtoto amebakiza mwaka mmoja. Ukimtoa leo, atatoka hapa na miguu mitatu. Mimi siombi sadaka. Siombi unipunguzie. Naomba muda, na muda wenyewe nitaulipa, kila mwisho wa mwezi, kwa mikono hii."

Akaionyesha mikono. Ile sehemu haikuwemo kwenye hotuba, au hakuwahi kuifanya mbele ya viti. Mikono ilikuwa na makovu ya stepla na gundi iliyokauka kwenye kucha. Jaji, juu ya kochi, alikuwa amemfuata neno kwa neno kwa midomo tu, na alipofika kwenye mikono midomo yake ikasimama, kwa sababu hapo alikuwa hajui.

Mimi nimeolewa na mtu huyu miaka mingi. Nimeona akisifiwa na matajiri, nimeona makochi yake yakipakiwa kwenye malori. Sijawahi kumwonea fahari kama nilivyomwonea akiwa amesimama pale na alama shavuni, akiomba kitu ambacho alikuwa ameshapewa.

Mkurugenzi alikohoa. "Kila mwisho wa mwezi, umesema?"

"Kila mwisho wa mwezi."

"Nimekubali, Fundi. Mtoto arudi darasani."

Fundi alibaki amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na hotuba ilikuwa na sehemu ya pili ambayo sasa haikuwa na kazi. Akaimeza. Akamshika mkono Mkurugenzi kwa mikono yake miwili, akashukuru, akageuka aende, akasimama kwenye kochi.

"Ila hili kochi lina kasoro," akasema. "Upande huu wa kushoto limebonyea. Nitakuja na sponji mpya nilijaze, bure."

"Usiliguse!" Mkurugenzi akapiga ukelele, kwa ile sauti yake ya uwanjani, mpaka karani akachungulia.

Jaji alicheka hata akashuka kwenye kochi. Akavaa viatu, akaniamkia sasa, maana alikuwa hajaniamkia, akamkung'uta baba yake bega, akaenda darasani akikimbia, na walimu wasingemruhusu kukimbia kwenye ile veranda lakini hapakuwa na mwalimu.

Tulirudi kwa miguu. Fundi alitembea kifua mbele, akisalimia hata watu wasiotujua. Tulipofika kwenye kona ya soko akashindwa kujizuia.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Si alikuwa amekataa, yule? Nilimwona usoni nilipoamka. Nilifumba macho kidogo tu, lakini nilimwona. Na wewe ulitaka niitoe ile ya miguu mitatu."

Watu walikuwa wanapita, wengine wanamtazama shavu. Ningeweza kumwambia. Maneno yote nilikuwa nayo, na mnajua mdomo wangu.

"Nilikosea," nikasema. "Hiyo ndiyo iliyomgusa."

Akanitazama kwa mashaka, kwa sababu neno hilo hajalisikia kwangu mara nyingi. Halafu akacheka, akanishika mkono mchana kweupe mbele ya watu, tukaenda kumalizia viti. Ule mstari wa mshono wangu ulikuwa bado uko shavuni kwake. Niliutazama njia nzima, na ulikuwa umenyooka.